Ngao ya lori kuukuu: kinga ya gari isigeuke mkuki kwa mpita njia

ARUSHA

Asubuhi hiyo fundi hakuanza na mashine ya kuchomelea. Alianza na boksi la jokofu, mkasi na kalamu nene. Alilikata boksi, akalisimamisha mbele ya lori, akarudi nyuma hatua tano na kufumba jicho moja. Kisha akalikata tena. Vijana wawili waliokuwa wakimsaidia walicheka chinichini. Katika gereji walizopitia, chuma hukatwa kwanza na kupimwa baadaye.

Lori lenyewe ni Bedford RL, lori la kijeshi la Uingereza lenye pua butu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na lenye tundu la mviringo juu ya kabini ambamo enzi zake askari alisimama kuchungulia. Lilianza kutoka kiwandani mwaka 1953, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa punda wa Jeshi la Uingereza. Chesisi ya ukoo huo ndiyo iliyobeba magari ya zimamoto ya akiba ya nchi hiyo, ambayo wanajeshi waliyaendesha wazima moto wa kiraia walipogoma mwaka 1977 na tena mwaka 2002. Yalipostaafishwa jeshini, malori mengi ya aina hii yaliuzwa kwa raia. Baadhi yalifungwa viti, yakawa ya kubeba watalii wanaovuka bara la Afrika.

Mwenye lori hili ni mzee aliyeanza kazi akiwa utingo, akapanda kuwa dereva wa masafa marefu kati ya Mombasa, Kampala na Kigali, na sasa hubeba mahema na vyakula vya wageni wanaokwenda kupiga kambi. Aliomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu anayestahili kuandikwa, kwa maneno yake, ni lori na si yeye. Amelipaka rangi ya maziwa badala ya kijani cha jeshi. Anasema hataki kila mpaka uwe na maswali.

Safari ijayo ni ya kaskazini, kuvuka Namanga, kupita Nairobi na kuelekea Ziwa Turkana. Huko migunga husogea hadi katikati ya njia. Safari mbili zilizopita tawi moja lilipenya kwenye grili na kutoboa rejeta. Maji yakaisha, injini ikachemka, na wasafiri wakalala porini wakiwa na madumu matupu. Ndiyo maana mzee anataka ngao ya mbele. Lakini safari hii anataka ifungwe kwa namna nyingine, kwa sababu lori hili liliwahi kuwa na ngao, na ngao hiyo nusura iliue.

Kinga iliyozaliwa vichakani

Wengi tunaijua ngao kama pambo la magari ya wakubwa, bomba linalong'aa mbele ya gari lisilowahi kuacha lami. Kazi yake ya awali ilikuwa ya shamba kabisa. Katika Vita Kuu ya Pili, lori la Marekani aina ya GMC CCKW, lililotengenezwa kwa zaidi ya 500,000 kati ya 1941 na 1945, lilikuwa na vyuma vilivyosimama mbele ya rejeta na taa ili matawi yasifike kwenye vioo na mapezi ya rejeta. Jeep za Willys za mwaka 1941 zilikuwa na grili ya vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa kimoja kimoja. Mwaka 1942 ndipo ikaja ile ya bati lililokandamizwa lenye matundu tisa, iliyobuniwa na Ford, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na rahisi kutengeneza.

Eneo letu nalo lilikuwa uwanja wa vita hivyo vya magurudumu. Mapema mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, yakiwamo ya askari wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Afrika Kusini, yalipita katika miiba na mchanga wa kaskazini kuwakabili Waitaliano. Kismayu ilianguka katikati ya Februari, Mogadishu Februari 25, na Addis Ababa Aprili 6. Chini ya miezi miwili malori yalikuwa yametoka pwani ya Somalia hadi nyanda za juu za Ethiopia. Aliyewahi kuendesha gari Garissa au Wajir anajua mwiba wa huko unavyoifanya grili isiyo na kinga.

Hivyo ngao ina kazi mbili tu za halali: kusukuma tawi pembeni, na kupokea kisiki au jiwe la mwendo mdogo kabla halijafika kwenye rejeta na taa. Haikubuniwa kugonga ng'ombe kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Anayeifunga kwa nia hiyo huishia kujenga kitu kizito, kigumu na chenye ncha, na hapo ndipo matatizo huanza.

Ufa mwembamba kama unywele

Ngao ya kwanza ya lori hili ilikuwa ya chaneli nzito za chuma zilizochomelewa moja kwa moja kwenye ncha za chesisi. Ilifungwa miaka kadhaa iliyopita katika gereji ambayo mzee hakutaka kuitaja. Ilipendeza machoni. Ilipong'olewa ilihitaji vijana wanne kuinyanyua, na kwenye mizani ya vyuma chakavu ilisoma kilo 130.

Uzito huo peke yake una hesabu yake. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Bedford RL ina takriban mita nne. Ngao huning'inia zaidi ya mita moja mbele ya ekseli ya mbele, kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa kubembea. Inapoisukuma pua chini, inainyanyua nyuma kidogo, kwa hiyo mzigo unaoishia kwenye springi za mbele huzidi uzito wa ngao yenyewe. Kilo 130 pale mbele huongeza zaidi ya kilo 160 juu ya ekseli. Usukani unakuwa mzito, springi zinalala, na breki za mbele zinabeba zisichopangiwa.

Kibaya zaidi kilikuwa kimejificha. Baada ya kukata ngao ya zamani kwa grenda, fundi alisugua eneo hilo mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka mafuta ya taa, akangoja, akafuta pakakauka, kisha akanyunyiza vumbi la chaki. Baada ya muda mfupi mstari mweusi ulijichora kwenye chaki, mwembamba kama unywele, ukianzia ukingoni mwa mahali palipochomelewa. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka. Ni kipimo cha kale kisichohitaji umeme wala mashine.

Sababu ya ufa huo kila dereva wa lori angepaswa kuijua. Joto la kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma pembeni mwa mshono, kikawa kigumu na chepesi kuvunjika kuliko kilichokizunguka. Chesisi ya lori la porini nayo imeumbwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likishuka shimoni, chesisi hujikunja kama mkeka. Mahali palipogandishwa kwa mshono hapakunjiki, kwa hiyo panapasuka. Siku moja, kwenye daraja bovu, ufa wa unywele unakuwa ufa wa kidole.

Kwa Bedford, hasara hiyo haina duka la kuiponya. General Motors iliuza biashara yake ya malori ya Bedford mwaka 1987, na kampuni iliyorithi, AWD, ikafilisika mwaka 1992. Rejeta inaweza kuzibwa na taa inaweza kutafutiwa mbadala. Chesisi ndiyo lori lenyewe, ikifa limekufa.

Fundi alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutembea, kisha akafunga bati la kuimarisha kwa bolti. Baada ya hapo ndipo akachukua boksi.

Kupima mara tatu, kukata mara moja

Fundi huyu alijifunzia kazi Jinja, Uganda, akaifanyia Nairobi kabla ya kuhamia Arusha. Mabomba yalinunuliwa Nairobi. Lori ni la Mtanzania. Kwa gazeti linaloandika habari za majirani, hilo peke yake lingetosha kuwa habari, ila lililotuvutia zaidi ni utaratibu wake wa kazi, ambao mtu yeyote mwenye gari la umri huo anaweza kuuiga.

Kwanza ni kujua unachokinga. Kwenye Bedford RL rejeta ipo nyuma ya grili na taa mbili kubwa zipo ubavuni mwake. Boksi lilikatwa kwa umbo la ngao nzima, likashikiliwa kwa kamba, kisha kila kitu kikajaribiwa nalo likiwa pale: kufungua kifuniko cha maji, kubadilisha balbu, kufikia ndoano za kuvutia, na kupitisha handeli ya kuwashia injini kwa mkono, ambayo magari ya umri huo huihitaji betri inapolala. Mkono wa fundi usipopita kwenye boksi, hautapita kwenye chuma.

Pili ni mahali pa kushikilia. Ngao hii haikuchomelewa kwenye lori hata kidogo. Imesimama juu ya vishikizo viwili vya bati la milimita 8, vilivyofungwa kwa kutumia matundu yaleyale ya bolti za bampa yaliyotoka kiwandani. Hakuna tundu jipya lililotobolewa kwenye mdomo wa juu wala wa chini wa chesisi, kwa sababu midomo hiyo ndiyo inayobeba mkazo mkubwa wa kupinda. Pakihitajika tundu lazima, litobolewe katikati ya ukuta wa chaneli, ambako mkazo ni mdogo.

Tatu, ngao haikufungwa kwenye kabini. Mafundi wengi huongeza vyuma viwili vya kuegemea kwenye bodi ili isitikisike. Lakini kabini na chesisi hazitembei pamoja. Chesisi inapojikunja kabini hubaki na mwendo wake, na kilichoziunganisha ama kitavunjika au kitararua bati.

Nne ni unene wa mabomba. Yametumika ya kipenyo cha milimita 50 na unene wa ukuta wa milimita 3, ambayo kila mita ina takriban kilo tatu na nusu. Mita nane zimetosha. Pamoja na vishikizo na bolti, ngao nzima haifiki kilo 40. Watu wawili waliinyanyua huku wakizungumza.

Tano ni spana. Lori hili ni la inchi, na gereji zetu nyingi zina spana za milimita. Ya 19 huingia kwenye nati ya robo tatu ya inchi bila ugomvi, lakini ya 13 hulegea kwenye nati ya nusu inchi na kuzila pembe zake mpaka zinakuwa mviringo. Nati za miaka 60 zilizoshikwa na kutu hazisamehi. Zilimwagiwa mafuta ya kulainisha tangu jana yake, na seti ya spana za inchi ikaazimwa kwa mzee mwingine mwenye Land Rover ya zamani.

Hewa, mwanga na maji

Kuchomelea kulifanyika chini, mbali na lori. Kuna usalama katika hilo, kwa kuwa injini hii hunywa petroli, na cheche na petroli si majirani wema. Pale inapolazimu kuchomelea kitu kikiwa juu ya gari, waya za betri hutolewa kwanza.

Kati ya ngao na grili imeachwa nafasi ya sentimita 10. Ngao ikigongwa itarudi nyuma kidogo, na nafasi hiyo ndiyo itakayoamua kama rejeta itaguswa. Mabomba yaliyosimama yamepangwa mbalimbali ili hewa ipite. Wapo wanaoweka wavu mzito juu ya ngao, kisha wanashangaa kwa nini injini inachemka mlimani. Kipimo cha mzee kitakuwa mlima wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu, lori likiwa na mzigo na jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Usipopanda kupita ulivyokuwa kabla ya ngao, kazi ni nzuri.

Upande wa juu umefungwa kwa bolti mbili na wa chini umekaa kwenye bawaba. Ukifungua bolti hizo, ngao hulala mbele na rejeta hubaki wazi. Kati ya chuma na chuma vimewekwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu kuzuia kelele na msuguano.

Usiku walilisimamisha lori mita nane kutoka ukutani na kuwasha taa. Kabla ya ngao kufungwa walikuwa wamechora kwa chaki mpaka wa mwanga, na sasa waliangalia kama kuna kivuli. Bomba moja lilikata mwanga wa taa ya kushoto, upande wa ukingo wa barabara, ambako watu hutembea. Liliondolewa, likasogezwa sentimita sita na kurudishwa asubuhi. Namba ya gari na indiketa navyo viliangaliwa kutoka mbele na kutoka pembeni.

Mwisho ni kutu. Kila ncha ya bomba imezibwa, na kila bomba lina tundu dogo upande wa chini ili jasho na mvua vitoke. Imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya juu. Bomba linaloonekana zima kwa nje linaweza kuwa limeoza kwa ndani, na mwenye gari asijue mpaka siku ya kisiki.

Kwa ajili ya anayetembea

Nilipomuuliza mzee kwa nini ncha zote za ngao mpya zimepindwa kurudi nyuma, alinyamaza kwanza. Kisha akasimulia jioni moja ya ujana wake, akiwa utingo kwenye lori la mtu mwingine. Lori hilo lilikuwa na ngao ya vyuma vilivyotokeza kama pembe. Mwendesha baiskeli aliguswa kidogo tu, kwa mwendo ambao bampa la kawaida lingemwangusha na kumwacha akilalamika. Pembe ilimshika begani. Mzee hakumaliza simulizi, nami sikumhimiza.

Ripoti ya usalama barabarani ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba barani Afrika watembea kwa miguu na waendesha baiskeli walikuwa asilimia 44 ya wanaokufa barabarani, kiwango cha juu kuliko kanda nyingine zote. Maana yake ni kwamba kilicho mbele ya gari lako, mara nyingi, hakitakutana na gari jingine. Kitakutana na mtu.

Umoja wa Ulaya ulitambua hilo mwaka 2005 kwa agizo namba 2005/66, lililotaka ngao za magari madogo ya abiria na ya mizigo midogo, yasiyozidi tani 3.5, zipimwe kwa namna zinavyomuumiza mtembea kwa miguu kabla ya kuuzwa. Malori mazito hayakuguswa na agizo hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi wanachama nane, imeshaandika sheria ya pamoja ya uzito wa malori, yenye kikomo cha tani 56. Mizani ya barabarani hupima uzito, haipimi ncha ya bomba. Kama tuliweza kukubaliana kuhusu mzigo ili kulinda lami, hakuna kinachotuzuia kukubaliana kuhusu kilicho mbele ya gari ili kumlinda mtu.

Mpaka siku hiyo ifike, sheria iko mkononi mwa fundi na mteja wake, nayo haina gharama kubwa: hakuna ncha iliyo wazi, hakuna kinachotokeza nje ya upana wa lori, hakuna chuma kilichojazwa ndani ya bomba ili kulifanya lisipinde. Ngao inayopinda inameza nguvu ya kishindo. Isiyopinda inampelekea aliyegongwa, au inaipeleka kwenye chesisi. Vishikizo vya milimita 8 vilichaguliwa kwa makusudi. Lori likigonga kisiki, vitapinda vyenyewe, na kuvitengeneza vingine ni kazi ya nusu siku. Kwa sababu hiyohiyo mzee amewaonya vijana wake kwamba lori likikwama wasifunge mnyororo kwenye ngao. Kamba ya kuvutia ni ya ndoano za chesisi.

Siku ya tatu lori lilitoka kwenda mzunguko wa kilomita 100, likarudi, na kila bolti ikakazwa upya, kwa kuwa rangi mpya na mpira mpya hulala zikishabanwa. Moja ilikuwa imelegea robo mzunguko. Mzee alimwangalia fundi, fundi akamwangalia kijana aliyeifunga, na kijana akachukua spana bila kuambiwa.

Vipande vya ngao ya zamani havikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fundi aliomba kimoja, kile kinene kuliko vyote, akakiweka juu ya gogo kando ya mlango wa gereji kiwe fuawe. Nilipokuwa naaga, mmoja wa wale vijana alikuwa ameinama juu yake akinyoosha bati. Pembeni yake kulikuwa na boksi jipya, limeshachorwa kwa kalamu.